Jezi Safi ya Desmond Stapley

Noreen Gullick aliifua jezi siku ya Jumanne, kwa sababu Jumatatu mvua ilinyesha. Aliifua kwa mkono, kwenye sinki la zege nyuma ya nyumba, kwa sabuni ya nguo za sufu na maji ya vuguvugu, mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Akayamwaga kwenye shina la mlimau. Ya pili yalikuwa ya waridi, ya tatu meupe, na jezi ikarudi kuwa ya bluu na nyeupe kama siku ile mdogo wake alipopewa na klabu. Akaianika kivulini, akiyanyoosha mabega ili kamba isiache alama. Halafu, kwa kuwa maji ya vuguvugu yalikuwa bado yapo, akaifua pia foronya ambayo jezi ilikuwa imefungwa ndani yake kwa miaka hamsini.

Niliiona ikining'inia. Ua wangu na wake umetenganishwa na uzio wa mabati wenye tundu ambalo mbwa wake hupitia kuja kulala kwangu. Nikamuuliza jezi ya nani.

"Ya Des. Inaenda makumbusho," akasema, kwa sauti ya mama anayetangaza kwamba mwanawe amepata kazi serikalini.

Nimekaa katika miji mingi, na karibu kila mmoja nimeingia makumbusho yake siku ya mvua. Kila mahali nimemkuta mwanamke mmoja wa makamo au zaidi, asiyelipwa, mwenye funguo nyingi kuliko mkurugenzi. Hapa Tarrawell ni Noreen. Alianza kujitolea mumewe alipofariki, akiwa na miaka arobaini na mitatu, na sasa ana sabini na minne. Wakurugenzi sita wamepita mbele yake. Wawili alilazimika kuwaonyesha swichi ya taa iko wapi.

Mwaka wake haukufuata kalenda ya ukutani. Ulianza Februari, siku ya kumbukumbu ya mafuriko, watu wanapotupa shada la maua mtoni kutoka darajani kisha wanarudi jumba la makumbusho kunywa chai. Aprili ilikuwa asubuhi ya wanajeshi wa zamani, biskuti za shayiri na medali zilizosuguliwa. Julai, shule zikifungwa na baridi ikiuma, aliwasha jiko la kuni ndani ya chumba cha zamani kilichojengwa upya, akapika supu ya maboga mbele ya watoto waliodhani moto unatoka kwenye kitufe. Oktoba, miche na vikorokoro viliuzwa uwanja wa mbele. Desemba ni nyimbo za Krismasi, wanakwaya wakitiririka jasho na nzi wakiwaingia midomoni. Paa la jumba lilibadilishwa kwa skonzi zake na keki zake za nazi. Hilo halijaandikwa popote, ila kila anayeliangalia lile paa anajua.

Kati ya tukio na tukio aligawa kijikaratasi. Alikiweka kwa daktari wa meno, maktabani, kwenye duka la mbegu, hata kanisani ambako haendi. Kichwa chake kilikuwa "Namna ya Kuyasaidia Makumbusho Yako." Jiunge na Marafiki wa Makumbusho. Toa Alhamisi yako moja kwa mwezi. Tukumbuke katika wosia. Tuletee vitu vyenye historia ya mji. Na chini kabisa, kwa herufi nene: "Tafadhali usisafishe kitu kabla ya kukileta."

Mstari huo aliujua kwa moyo. Alikuwa amewasomea watu kwa simu, akawagombeza wazee walioleta vitara vilivyopigwa msasa na taa za treni zilizopakwa rangi mpya. Lakini yeye ni binti wa Edna Stapley, na katika nyumba ya Edna hakuna nguo iliyotoka mlangoni bila kufuliwa na kupigwa pasi, iwe inaenda kwa maskini, kwa fundi au kaburini. Kule kusafisha kulikokatazwa kulikuwa kule kwa msasa na brashi ya waya. Kufua shati la mdogo wako kabla mji mzima haujalitazama, huko ni kumheshimu. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba ule mstari ulimhusu.

Inafaa niseme ni kwa nini jezi hiyo ilikuwa na uzito.

Mwaka wa mafuriko makubwa Des alikuwa na miaka kumi na tisa. Mto Wirrin ulipanda kwa siku mbili, na asubuhi ya siku ya pili alichukua mashua ya jirani bila kuomba, akapiga makasia kuelekea alikojua yeye. Watu wanne walikufa. Bwana na Bibi Pascoe, wazee waliolinda kiwanda cha matofali cha Nugent upande wa juu wa mto, nyumba yao ilizolewa. Ivor Lunt wa reli alizama akiokoa ng'ombe. Na Des, ambaye walimkuta siku ya tatu chini ya daraja, amenaswa kwenye mizizi ya miti, koti lake la mvua limefungwa zipu mpaka kooni juu ya ile jezi, na kreti mbili za bia za baa ya Haddow zimekwama kando yake.

Ghala la Haddow lilikuwa limepasuka, na kreti zake zilielea maili nzima. Lakini mzee Haddow alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba mtu mwenye mashua alionekana mlango wake wa nyuma. Mji uliokuwa umepoteza nusu ya nyumba zake ulihitaji kitu cha kuchekea, ukakipata. Des Stapley, walisema, ndiye mtu pekee duniani aliyezama kwa kiu. Kibao cha shaba kilipowekwa darajani kiliandikwa majina matatu.

Edna aliamini mwanawe alikuwa ameenda kwa akina Pascoe, kwa sababu Jumapili zote alikula kwao. Hakuwa na ushahidi mwingine, au ndivyo Noreen alivyodhani. Edna aliifunga ile jezi na tope lake kwenye foronya, akaiweka kwenye kopo kubwa la biskuti juu ya kabati, akafa nayo iko hapohapo.

Miaka hamsini ya mafuriko ilipokaribia, ukumbi mpya ulijengwa jumbani, na ukuta mmoja ukatengwa kwa majina ya waliokufa. Mkurugenzi wa sasa, Tamsin Ardagh, msichana wa Melbourne mwenye buti nzito na elimu ya kweli, aliuambia mkutano wa Marafiki mwezi Julai, wakati supu ikipoa, kwamba hatakinakili kibao cha darajani kama kilivyo. Majina yataangaliwa upya. Mwenye kitu, mwenye barua, mwenye picha, alete.

Noreen hakuimaliza supu yake. Aliandika barua ya kutoa zawadi jioni hiyohiyo, kwa mwandiko wake wa shule: jezi ya raga ya mdogo wangu Desmond, aliyoivaa siku aliyokufa, ina tope. Tamsin akamjibu kwa mistari miwili na alama tatu za mshangao, kwamba anaisubiri kwa hamu.

Akaileta Alhamisi. Chumba cha kazi kiko nyuma, meza yake imetandikwa sponji nyeupe. Coral Beattie, rafiki yake wa shule ya msingi na mshika daftari la wageni, alikuwepo, nami nilikuwepo kwa kuwa nilikuwa nimebeba viti. Noreen alivaa glavu, akafunua karatasi laini, moja, mbili, tatu, mpaka jezi ikatokea imepigwa pasi, mikono imekunjwa kifuani kama ya mtu aliyelala. Ilinukia sabuni.

Tamsin hakuigusa.

"Umeifua," alisema.

"Sasa ningekuletea uchafu, mpenzi wangu?"

"Lakini kwenye barua uliandika ina tope."

"Lilikuwepo. Limetoka lote. Tazama hapa shingoni, palikuwa pamegandamana kama saruji. Hata doa halipo."

"Noreen." Tamsin alivuta kiti akakaa. "Lilikuwa la rangi gani?"

"Tope?"

"Ndiyo. Jaribu kukumbuka."

"Sina haja ya kujaribu, nimelimwaga juzi. Jekundu."

"Jekundu la kahawia, au jekundu jekundu?"

"Jekundu kama tofali. Unanitisha, msichana. Kuna nini?"

Tamsin aliinuka akaenda kwenye ramani ya mji iliyobandikwa ukutani. Aliongea polepole, nadhani kwa huruma, ingawa kwa aliyekuwa akisikiliza ilikuwa kama kungolewa jino kwa kuzungushwa. Mjini kwenyewe, alisema, kuanzia bandari ya zamani mpaka darajani, mafuriko yaliacha tope jeusi. Picha zote zinaonyesha hivyo, na hata leo ukichimba utalikuta. Udongo mwekundu kando ya mto uko mahali pamoja tu, kule juu kwa Nugent, ndiyo maana Nugent alijenga tanuri zake pale. Koti la Des lilikuwa limefungwa mpaka kooni. Kilichokuwa chini ya koti kiliingia kabla hajalifunga, au alipokuwa akijiburura mahali penye tope hilo.

"Kama tope la kifuani lilikuwa jekundu," alisema, "basi mdogo wako alifika kiwandani. Alikuwa kwa akina Pascoe. Bia ilimkuta baadaye, mtoni, akiwa ameshakufa. Chuo kikuu kingelipima kwa wiki mbili. Jina lingepanda ukutani, na hakuna mtu angeweza kusema neno."

Kisha Tamsin akauliza, kwa sauti ndogo, "Ilikuwa imefungwa kwenye nini?"

"Foronya."

"Foronya ipo?"

"Niliifua pia," alisema Noreen.

Coral, ambaye hajawahi kuuacha ukimya ukae, alisema, "Basi tukaupime mlimau." Alimaanisha mzaha. Lakini Tamsin alikuja kweli, Ijumaa yake, na kijiko na mifuko ya plastiki, akapiga magoti chini ya mlimau wa Noreen na kuchimba. Nilimwona kupitia tundu la mbwa. Aliinuka na udongo mwekundu mkononi, akautazama, akautupa. Nyumba za mtaa wetu zote zilijengwa juu ya vifusi vya matofali ya Nugent. Kila ua hapa ni mwekundu. Chembe alizozitoa kwenye mishono ya jezi kwa kibanio zilikuwa chache, zimechanganyika na sabuni, na mtu yeyote angeweza kusema zilitoka kwenye kamba ya kuanikia.

Noreen alinisimulia jambo moja tu juu ya wiki ile. Alikumbuka asubuhi baada ya mazishi, mama yake ameitandaza jezi juu ya meza ya jikoni mbele ya sajini wa polisi. "Angalia rangi yake," Edna alikuwa akimwambia. "Liko mbele yako. Angalia rangi yake." Na sajini, kwa upole, akishika kofia, "Mama Stapley, tope ni tope." Noreen alikuwa na miaka ishirini na minne. Alimshika mama yake mabega akamwondoa mezani, akamwomba sajini radhi.

"Nilidhani amechanganyikiwa," aliniambia. "Nilimwona anavyoikunja ile jezi na uchafu wake, nikasema, maskini, huzuni imemwondoa akili, hata kufua hawezi. Nikajiahidi siku moja nitamfulia."

Kamati ya majina ilikutana Septemba. Tamsin alimtetea, namshuhudia kwa hilo. Aliandika kurasa nne. Wakamuuliza nani mwingine aliyeliona tope, akawajibu ni mama aliyekufa na sajini aliyekufa. Wakamuuliza kama dada mtu anayesema lilikuwa jekundu ndiye huyohuyo aliyelifua. Akasema ndiyo. Watu wazuri, wenye haya, wakatazama chini, wakapiga kura ya majina matatu. Merv Haddow, mwana wa yule mzee wa baa, hakuwa kwenye kamati. Hakuhitaji kuwa. Ukumbi mpya uliitwa kwa jina la baba yake, kwa kuwa hundi yake ndiyo iliyoumaliza, na mimi siamini kabisa kwamba alimpigia mtu simu. Ingekuwa afadhali. Mtu angekuwa na wa kumchukia.

Oktoba, katikati ya mauzo ya miche, Tamsin alimwita Noreen pembeni. Alikuwa amepata wazo. Katika kabati la kioo la michezo hakukuwa na jezi ya miaka ile, zote zilioza au ziliishia kupanguzia magari. Hii ya Des ilikuwa katika hali nzuri mno.

"Hali nzuri," Noreen alirudia.

"Najua linavyosikika. Lakini atakuwa ndani, Noreen. Nitaandika ilivaliwa na Desmond Stapley. Nitaandika mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Siwezi kuandika alikufaje. Jina naweza."

Coral alikuwa akifunga miche ya nyanya kwenye gazeti. "Usitie saini leo, shoga," alisema bila kuinua macho. "Nenda na hati nyumbani kwanza, uilalie ukiifikiria."

"Nikiilalia tena itakuwa miaka mingine hamsini, na mimi sina miaka hiyo."

"Kabati la michezo liko pale mlangoni. Kila mtu atapita."

"Ndiyo maana," Noreen alisema.

Akatia saini hati ya zawadi juu ya meza ya miche, kalamu ikiteleza kwa udongo. Hati hiyo aliijua kuliko yeyote mjini. Alikuwa ameisomea watu mia mbili na zaidi: kuanzia sasa kitu hiki ni mali ya mji, hakirudishwi, huna sauti juu ya namna kitakavyoonyeshwa. Wengine walilia, naye alikuwa akiwapa kikombe cha chai na kuwaambia hivyo ndivyo vitu vinavyodumu. Namba ya jezi aliiandika mwenyewe kwenye kitepe cha pamba, kwa kalamu nyembamba, akakishona ndani ya ukosi kwa nyuzi nne, kama inavyotakiwa.

Februari ikaja na joto lake. Shada lilitupwa, meya alisoma majina matatu ukutani, kitambaa kikavutwa. Noreen alikuwa amesimama nyuma ya meza ya keki akiwa amevaa vazi lake la bluu, beji ya mwanachama wa maisha kifuani. Jina la nne hakulitamka. Niliona midomo yake ikitembea, lakini huenda alikuwa akihesabu sahani.

Baada ya hotuba watu walitawanyika. Merv Haddow, miaka sabini na minane, mwili wa mtu aliyebeba mapipa tangu utotoni, alikuwa akiwatembeza wageni wake, mkwe wake wa Brisbane na marafiki wa mkwe. Si mtu mbaya. Ndiye anayevaa ndevu za pamba Desemba na kuwagawia watoto peremende. Akasimama mbele ya kabati la michezo, akainama kusoma, akapasuka kicheko cha furaha, kama mtu aliyekutana na rafiki uwanja wa ndege.

"Hee! Des Stapley! Nilikuwa nimemsahau kabisa huyu!"

"Alikuwa mchezaji mzuri?" mkwe aliuliza.

"Mchezaji? Bwana, huyu ndiye mtu pekee duniani aliyezama kwa kiu!"

Akawasimulia yote. Mashua, mlango wa nyuma, kreti mbili, jinsi walivyomkuta amezikumbatia. Hakuwa amezikumbatia, lakini hadithi ilikuwa imenenepa miaka yote hiyo ilipokuwa usingizini. Watu waliokuwa karibu wakasogea. Vijana waliokuwa hawajawahi kulisikia jina hilo wakalisikia siku hiyo, na wakacheka, kwa sababu hadithi inachekesha. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akaipiga picha lebo. Jezi nyuma ya kioo ilikuwa safi, imenyooka, bila alama hata moja ya kumpinga Merv.

Noreen aliweka kisu cha keki chini. Alivuka ukumbi.

"Merv."

"Noreen! Ee bibie, nilikuwa nawaambia hawa..."

"Nimesikia ulichokuwa unawaambia."

"Ah, mzaha tu. Miaka hamsini hiyo, mama. Hata baba alimpenda Des."

"Baba yako alisema uongo gazetini."

Merv alifungua mikono yake mikubwa. "Basi kuna kitu kinachoonyesha hivyo?" aliuliza, na naapa aliuliza kwa wema, kama mtu aliye tayari kukiangalia. "Kama kipo, Noreen, nionyeshe. Nitakuwa wa kwanza kuomba radhi."

Noreen alimtazama. Akaitazama jezi. Akarudi kwenye meza, na kwa kuwa mkwe wa Brisbane alikuwa amemfuata kwa aibu akiwa na sahani tupu, akamkatia kipande.

Jumatatu alikwenda kwa Tamsin kuomba arudishiwe. Tamsin alikuwa na machozi kabla hajamaliza kumsikiliza, na jibu alilompa lilikuwa lile ambalo Noreen mwenyewe aliwapa watu kwa miaka thelathini na moja, neno kwa neno, mpaka kikombe cha chai.

"Basi toa jina," Noreen alisema. "Andika haijulikani ya nani."

"Inajulikana ya nani. Siwezi kuandika uongo."

"La," alisema Noreen. "Wewe huwezi."

Nilidhani ataacha kujitolea. Coral alikuwa na hakika ataacha, na alikuwa tayari kuacha pamoja naye, alikuwa ameshaivua beji. Mji nao uliona hivyo, maana wiki mbili tatu watu walikuwa wakinisimamisha dukani kuniuliza nani sasa atapika supu Julai, kwa wasiwasi uleule wanaouliza kama maji ya bwawa yatafika mwisho wa kiangazi. Hakuna aliyeniuliza juu ya Des. Waliolijua jina lake sasa, walilijua na kreti mbili kando yake.

Aprili, asubuhi ya wanajeshi wa zamani, nilikwenda kubeba viti kama kawaida, nikamkuta ameshafika. Biskuti zimepangwa. Alikuwa amechukua kiti kimoja cha mbao, akakiweka kando ya kabati la michezo, pale mlangoni, akakaa, mkoba juu ya magoti.

"Unamsubiri nani?" nilimuuliza.

"Yeyote."

Siku za matukio hukaa hapo. Mtu akiinama kusoma lebo, naye akiwa na umri wa kuijua hadithi, humwona huyu mwanamke ameketi hatua moja kutoka kwake, hamwangalii, anasikiliza. Wengi hunyamaza. Merv alikuja Julai na wajukuu, akafika mpaka kiooni, akavuta pumzi.

"Endelea, Merv," Noreen alisema. "Waambie watoto. Niko hapa."

"Naangalia tu, Noreen."

"Haya, angalia. Jezi ni ya kuangaliwa."

Akawapeleka wajukuu kwenye jiko la kuni.

Lakini chai haijichemshi. Ikifika saa nne na nusu wageni wanaanza kugeuza shingo, Coral magoti yake hayambebi tena, na birika kubwa la umeme lina swichi ambayo ni Noreen tu anayejua kuigonga. Inabidi ainuke. Hukunja vazi lake, husogeza kiti karibu na ukuta ili mtu asijikwae, huenda jikoni, na mlango wa jikoni hujifunga wenyewe nyuma yake.

Nilimuuliza kama akiwa huko ndani huwa anasikia chochote.

"Maneno, hapana," alisema, akipanga vikombe. "Kicheko ndiyo. Kicheko kinapenya."